Aliyeketi Nyuma ya Guruji

Vatsala ndiye aliyelisema kwanza, tena akiwa jikoni, mikono imejaa unga wa vitafunio vya sikukuu ya Diwali.

"Baba Nandini," alimwita mumewe, "huyu mwanafunzi wako anaimba kama mtu anayeitikia karibu, karibu, na hakuna aliyepiga hodi."

Moreshwar Athavle, ambaye mji mzima wa Miraj unamwita Guruji, yaani Mwalimu, hakujibu. Tangu apasuliwe koo alikuwa amebakiwa na mnong'ono tu, na hakupenda kuupoteza kwenye mabishano ambayo angeshindwa. Alikuwa ameegemea mto sebuleni, macho ameyafumba. Mbele yake Shripad Lokre alikuwa akiimba Bhatiyar, raga ya alfajiri, mahadhi yenye saa yake maalumu, na jua la jioni linaingia dirishani. Zamani kuimba raga ya asubuhi saa hizo katika nyumba ile kungemfanya Guruji arushe kiatu. Lakini Diwali ilikuwa imewadia, na Shripad alikuwa na onyesho lake la kwanza. Haikuwezekana tena kuchagua saa.

"Mwache," Guruji alinong'ona hatimaye. "Ni woga tu. Utamtoka akifika jukwaani."

"Woga?" Vatsala alitokeza kichwa mlangoni. "Shripad, baba, nywele zote zimekutoka, woga bado haujakutoka?"

Shripad alicheka, akaishusha tanpura yake pajani. "Nywele zilipewa ruhusa mapema, mama."

Alisema kwa mzaha, na Vatsala akacheka naye. Guruji alifumbua macho.

Kwa watu wa muziki huu, ruhusa si neno la mzaha. Mwanafunzi akishafungwa uzi wa uanafunzi mkononi na mwalimu wake, haimbi mbele za watu kwa jina lake mwenyewe mpaka mwalimu atamke. Mpaka siku hiyo kazi yake jukwaani ni kuketi nyuma. Hupiga tanpura, kile chombo kirefu cha nyuzi nne kinachotandika sauti moja chini ya wimbo kama mkeka. Na huitikia. Mwalimu akitua kuvuta pumzi, yeye huudaka mkia wa mstari, huubeba kidogo, kisha humrudishia mwenyewe. Wengine hukaa hapo miaka michache, wengine kumi. Shripad alikuwa amekaa zaidi ya ishirini.

Wala si kwamba hakuwa ameiva. Aliiva mapema, na aliyelijua hilo kabla ya watu wote ni Guruji.

Alilijua mjini Solapur, kwenye ukumbi uliojaa. Alikuwa akipanda taratibu kuelekea Sa ya juu, ile sauti ambayo wimbo wote huwa unaisubiri. Alipofungua kinywa kuichukua, haikuwepo. Koo lilikuwa tupu. Kabla msikilizaji hata mmoja hajatambua, Sa ikatoka nyuma yake, imenyooka, imejaa, ikakaa hewani mpaka watu wakapiga kelele na kusimama. Guruji alibaki amefungua kinywa, mkono wa kushoto juu. Kwa watazamaji, aliyeimba ni yeye. Asubuhi yake gazeti liliandika kwamba sauti ya Athavle haizeeki.

Hawakuwahi kulizungumza. Guruji alizoea tu kuinua mkono wa kushoto kidogo, kama anayesogeza pazia, na Shripad, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye bega lile la kushoto, alijua la kufanya. Mji baada ya mji, Sa ilitoka, na watu wakampigia makofi aliyeketi mbele.

Watu wa maonyesho walikuwa wakija nyumbani, kutoka Pune, kutoka Kolhapur, kutoka Hubli. Walikunywa chai, wakasifia chakli, vile vitafunio vya Vatsala, kisha mmoja wao akasema kwa adabu, "Guruji, mara hii tunaomba utupe Shripad. Peke yake." Na Guruji alitikisa kichwa kwa huzuni ya mzazi. "Bado hajaiva. Njooni mwakani." Mwakani walikuja, wakajibiwa vilevile. Mwishowe wakaacha kuuliza.

Sasa sauti ya Guruji ilikuwa imekwisha kabisa, na katika ule upungufu moyo wake ulikuwa umelainika. Alimwita Shripad, akamwekea nazi na ua mikononi, akamtamkia ruhusa mbele ya mkewe na marafiki. Vatsala alilia. Guruji mwenyewe alihisi amefanya jambo kubwa. Alidhani anakabidhi kito alichokuwa amekitunza sandukuni. Haikumjia kwamba sauti si kito, kwamba ukiifungia haikai ilivyokuwa.

Jioni hiyo, mbele ya mto wake, Shripad aliinua tena tanpura, akaimba. Kipande cha wimbo kilitoka kizuri, kikashuka, kikatua. Kikafuata kimya. Kisha kingine, nacho kikashuka na kutua. Guruji alisikiliza, na maneno ya mkewe yakaanza kumkera kama punje iliyonasa kwenye jino.

*

Siku ya Diwali, Miraj huamka gizani. Watu hujipaka mafuta, huoga maji ya moto, huvaa nguo mpya, na wenye kupenda muziki huenda kusikiliza jua likichomoza. Ua wa hekalu ulikuwa umejaa mapema. Wanawake walikuwa na nywele mbichi zilizochomekwa maua, wazee walikuwa wamejifunga shali, na nje ya ukuta watoto walikuwa wakifukuzwa pamoja na fataki zao.

Guruji aliwekewa mto mstari wa mbele. Jukwaani alikuwa Nana Dhumal na ngoma zake za tabla, na nyuma, kwenye tanpura, Dastagir, fundi wa tanpura na rafiki wa Guruji tangu wakiwa na meno ya utoto.

"Moreshwar!" Dastagir aliinama ukingoni mwa jukwaa. "Leo umekaa upande wa watu. Usije ukasahau, huko mnatakiwa kupiga makofi."

"Nawe usisahau," Guruji alinong'ona, "huko unatakiwa kunyamaza."

Dastagir alicheka mpaka akaipoteza sauti ya waya aliokuwa akiukaza.

Shripad alitoka amevaa kurta nyeupe, kanzu fupi aliyoshonewa na Vatsala. Alishuka kwanza mpaka kwenye mto, akagusa miguu ya mwalimu wake, akapanda, akaketi. Aliketi katikati ya jukwaa, lakini ukitazama vizuri alikuwa amerudi nyuma kidogo, na mbele yake palibaki nafasi inayomtosha mtu mmoja.

Sa yake ya kwanza ilikuwa nzuri hata watu wakashusha pumzi. Kisha Bhatiyar ikaanza, na kilichotokea sebuleni kikatokea tena. Kila kipande alichoimba kilikuwa safi, na kila kimoja kilikuwa mwisho wa kitu. Alishuka vizuri ajabu kutoka mahali ambapo hakuwa amepanda. Akishatua, alinyamaza, akangoja. Nana Dhumal, mtu wa huruma, alianza kuzijaza zile nafasi kwa tabla, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikawa dhahiri kwamba anaziba matobo.

Nyuma ya Guruji wanaume wawili walikuwa wakinong'onezana.

"Sauti anayo. Lakini mbona wimbo hauondoki?"

"Labda ndio mtindo wa siku hizi."

"Mtindo gani? Huyu anasubiri nini?"

Guruji alimtazama Shripad machoni, na hapo akaona. Macho yale hayakuwa kwa watu, wala hayakuwa yamefumbwa. Yalikuwa yamekazwa mahali pamoja hewani, hatua moja mbele yake, juu kidogo. Yalikuwa yanalitafuta bega.

Miaka yote ile Guruji alikuwa amemfundisha mtu huyu jinsi ya kumaliza. Alimfundisha kudaka, kubeba, kurudisha. Kuanza hakumfundisha hata siku moja, kwa sababu kuanza kulikuwa kwake yeye.

Jukwaani kimya kilikuwa kinarefuka. Mtu alikohoa. Mwingine alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu.

Guruji alisimama. Hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba akipanda na kuketi katika ile nafasi iliyo wazi, akawapa watu uso na kumpa Shripad mgongo, wimbo ungeenda. Angeinua mkono, na kila kitu kingenyooka kama Solapur. Watu walipomwona anapanda walishangilia, wengine wakasimama.

Na Shripad, kwa kumwona, aliinua makalio haraka akajisogeza nyuma. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyompisha mkubwa kwenye benchi. Uso wake ulikuwa umejaa nafuu. Mtoto aliyepotea sokoni na kuuona mkono wa mamake hana uso tofauti na ule.

Nafuu ile ndiyo iliyomuumiza Guruji. Angeweza kustahimili lawama. Alisimama mbele ya nafasi aliyoachiwa, akaitazama, kisha akazunguka mpaka nyuma.

"Nipe," alimwambia Dastagir.

"Hii? Wewe?"

"Nipe, na ushuke ukapige makofi."

Dastagir alimwachia tanpura bila utani. Guruji aliketi nyuma ya Shripad, akaegemeza shingo ya chombo begani, vidole vikapata nyuzi. Alikuwa hajaketi mahali pale tangu ujana wake. Mbele yake kulikuwa na kisogo. Aligundua kwamba hajawahi kukiona. Kilikuwa na mvi chache zilizosalia, na mikunjo miwili shingoni, mikunjo ya mtu aliyekaribia miaka hamsini. Yeye alikuwa amebaki na picha ya kijana.

Shripad alitaka kugeuka.

"Usigeuke," Guruji alinong'ona. "Anza."

"Kutoka wapi, Guruji?"

"Popote."

Neno hilo hakuwahi kumwambia. Shripad alijiweka sawa. Tanpura iliendelea kuvuma, na Nana Dhumal akaondoa mikono kwenye tabla kabisa, akaiweka magotini. Ua wote ulisubiri.

Kisha Shripad alianza. Haukuwa mstari wa Guruji. Ulitoka chini sana, mahali ambapo Guruji asingependa kuanzia, ukapanda kwa kusitasita, ukaning'inia juu, na haukurudi. Mwili mzima wa Guruji ulitaka kuumalizia. Ulimi ulishaupata mkia wa mstari ule, uko tayari. Alifunga kinywa. Hapo ndipo alipoelewa ilivyo kuketi nyuma: unashika mdomoni kitu kitamu, na kazi yako ni kusubiri mwenzako akuruhusu. Yeye aliionja kazi hiyo kwa pumzi moja. Shripad alikuwa ameimeza kwa ujana wake wote.

Mstari wa pili ulikwenda mbali zaidi. Bibi mmoja upande wa wanawake, mkwe wa nani sijui, alitoa sauti ndogo ya mshangao. Jua lilikuwa limefika kwenye kilele cha hekalu Shripad alipoanza kupanda kuelekea Sa ya juu. Hakuna mkono ulioinuka mbele yake kumwashiria. Alikwenda mwenyewe, na akafika.

Ilitoka nyembamba. Ukingoni ilikuwa imepasuka kidogo, kama kikombe unachokipenda usichotaka kukitupa. Ilikuwa ya kweli, na watu waliipokea kwa upole. Lakini Guruji alikuwa na masikio. Ile Sa ya Solapur, iliyonyooka, iliyojaa, ile haikuwepo tena kooni mwa Shripad wala mahali pengine duniani. Ilikuwa imetumika yote, na imeandikwa kwa jina lingine.

*

Baada ya wimbo walivikwa mashada. Mwenyekiti wa kamati, bwana mnene mwenye shali ya hariri, alimshika Guruji mikono yote miwili.

"Guruji, leo tumeona! Umepanda ukamwokoa!"

Guruji alitikisa kichwa. Aliona kwamba akilisema sasa, mbele ya watu wote, angalau hilo moja litakuwa limewekwa sawa. Alivuta pumzi.

"Ile Sa ya juu," alinong'ona, "mliyokuwa mnanipigia makofi... ilikuwa yake. Miaka yote."

"Anasemaje?" watu wa nyuma waliuliza.

Dastagir aliyekuwa karibu alipaza sauti, na safari hii hakuwa anatania. "Anasema Sa ya juu haikuwa yake! Ilikuwa ya Shripad!"

Kisha mwenyekiti akaweka mkono kifuani, macho yamelowa.

"Mnaona?" aliwageukia watu. "Mtu mkubwa kiasi hiki, na bado anajishusha mbele ya mwanafunzi wake!"

"Hapana," Guruji alinong'ona. "Hapana, sikilizeni."

"Ona anavyokataa sifa!"

Mama mmoja aliinama akamgusa miguu, na mwanawe naye. Kadiri Guruji alivyotikisa kichwa ndivyo walivyozidi kuinama. Alimtafuta Shripad juu ya vichwa vya watu, akamwona ukingoni mwa jukwaa, anaivalisha tanpura mfuko wake, anafunga vifungo kimoja kimoja kama afanyavyo kila siku. Alikuwa amesikia. Aliendelea kufunga.

Walirudi kwa miguu. Vatsala alikuwa mbele na kikapu cha vitafunio, Guruji katikati, na Shripad nyuma, hatua moja, amebeba tanpura. Barabara ilikuwa imetapakaa karatasi nyekundu za fataki.

"Wale watu wa Pune," Guruji alisema bila kugeuka. "Waliokuwa wanakuja kukuomba. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Guruji."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Chai waliyokuwa wanakunywa niliichuja mimi. Jikoni panasikika kila kitu."

Guruji alisimama. Shripad naye akasimama, hatua moja nyuma.

"Ulisikia nikisema hujaiva."

"Ndiyo."

"Na hukuchukia? Hukusema neno?"

Shripad aliihamisha tanpura kutoka bega hili kwenda lile. Alionekana kulifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama anavyofikiria kila alichoulizwa katika nyumba ile.

"Nilidhani ni kweli," alisema. "Nani angejua kuliko wewe?"

Guruji aligeuka, akamtazama. Mwanamume huyu hakuwa amenyimwa ruhusa tu. Alikuwa ameambiwa uongo na mtu pekee aliyemwamini, akaukalia uongo ule, akaupigia tanpura, mpaka ukageuka kweli. Ningependa kusema kwamba mambo kama haya husameheka na kurekebishika. Nadhani husameheka. Shripad alikuwa amekwisha kusamehe kabla hajaombwa, na hilo halikurudisha chochote.

"Nisamehe," Guruji alisema hata hivyo.

"Guruji, usiseme hivyo barabarani."

"Basi pita mbele."

"Mimi?"

"Pita."

Shripad hakupita. Alisimama na mzigo wake, miguu inamkatalia. Guruji naye hakusogea. Mwendesha baiskeli aliwakwepa, akawatakia Diwali njema. Vatsala alikuwa amekwisha kukata kona. Alirudi, akashika kiuno.

"Mmeota mizizi? Chakula kinapoa nyie mnapishana kama wakwe!"

Ndipo Shripad alipopita. Alipita kwa kuinamisha kichwa, akiomba radhi kwa bega, akatangulia hatua moja, kisha mbili. Kwenye njia panda alisita. Kushoto ni nyumbani, njia aliyoitembea kila siku tangu afungwe uzi mkononi. Hakugeuka kuangalia nyuma, ila Guruji aliona shingo yake ikitaka kugeuka, na mikunjo ile miwili ikikaza.

Mkono wa kushoto wa Guruji uliinuka wenyewe. Aliukamata kwa wa kulia, akaushusha.

Shripad alikata kulia, kwenye kichochoro kirefu cha mafundi wa tanpura, ambako maboga makavu huning'inizwa barazani yakingoja kuwa vyombo.

"Huko ni mbali!" Vatsala aliita. "Shripad! Unaenda wapi huko?"

Guruji alimwekea kidole mdomoni mkewe, kisha akakiweka kwenye mdomo wake mwenyewe, na akamfuata Shripad, hatua moja nyuma.